Sauti laini ya solo iliyobanwa vizuri kwenye ampli ya lampe: inatoka wapi hasa?

#1 SoloWaKatuba (Lubumbashi)

Salamu kwenu wapiga gitaa na mafundi. Nina ampli ya lampe (vali za kioo zinazokuza sauti) ya wati 22, Fender Deluxe Reverb ya toleo jipya, yenye lampe mbili za 6V6 kwenye hatua ya nguvu na spika moja ya inchi 12. Gitaa langu lina mikro (vinasa sauti vya nyuzi) mbili za koili pacha, na mbele ya ampli huwa naweka pedali moja tu ya ovadraivu (inayokwaruza sauti), aina ya Tube Screamer.

Wiki mbili zilizopita tulipiga jioni kwenye arusi moja huko Kamalondo. Nilipoingia kwenye solo nilisikia kitu nilichokitafuta kwa miaka mingi: kila noti ilitoka na uzito ule ule, mwanzo wake haukuwa na ncha, na kabla ya kufifia ilikuwa kama inavimba kidogo, mfano wa mtu anayevuta pumzi katikati ya neno. Asubuhi iliyofuata niliwasha ampli nyumbani nikiwa na gitaa lile lile na pedali ile ile, na sauti ikawa kavu. Noti zinaruka, zinakufa mapema, na waya wa kwanza wa gitaa unachoma masikio.

Ule ulaini na ule mbano hutoka wapi katika ampli ya lampe? Ni lampe za nguvu, ni pedali, ni spika, au ni mkono wangu? Sitaki kununua kitu chochote kabla sijaelewa.

#2 FundiLampe (Likasi)

Kaka, hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Ampli yako haina kitufe cha masta (volyumu ya mwisho ya ampli nzima), na hilo lina maana kubwa. Kitufe cha volyumu ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha sauti kinafika kwenye zile 6V6 mbili. Lampe inapofika mwisho wa uwezo wake haiwezi kupanda zaidi, kwa hiyo kilele cha wimbi kinakatwa. Ukipiga kwa nguvu zaidi kilele hakiongezeki, bali sehemu ndogo ndogo za noti ndizo zinazoinuka na kukikaribia. Huo wenyewe ni mbano, hata kama hakuna kompresa (kifaa cha kubana sauti) popote. Naomba uniambie jambo moja: volyumu ilikuwa ngapi Kamalondo, na ngapi nyumbani?

#3 NyuziSita (Lubumbashi)

Naheshimu maneno ya Fundi, lakini mimi naona jibu liko kwenye pedali. Tube Screamer haifanyi kazi ya kukwaruza tu. Ndani yake, kabla ya dayodi (sehemu zinazokata kilele cha sauti), besi inaanza kupunguzwa chini ya takriban 720 Hz, na baada ya dayodi kuna kichujio kinachoteremsha sauti kali za juu. Kinachobaki ni katikati, mahali ambapo solo inaishi. Dayodi zake ziko kwenye mzunguko wa kurudisha sauti wa kikuza sauti, kwa hiyo hukata polepole na wala si kwa kisu. Na kwa sababu ya namna mzunguko ule ulivyojengwa, sauti safi haipotei kabisa bali inachanganyika na ile iliyokatwa. Weka kitufe cha draivu chini, karibu na mwanzo, kisha pandisha kitufe cha kiwango hadi robo tatu au zaidi, uisukume lampe ya kwanza ya ampli. Wengi hufanya kinyume, halafu wanalalamika kwamba sauti ni ya nyuki.

#4 MzeeWaBafle (Lubumbashi, komuni ya Kenya)

Wanangu, mnasahau kwamba sikio halisikii lampe, linasikia spika. Toleo jipya la ampli hiyo linakuja na Jensen C12K, spika inayobeba wati 100. Ampli ya wati 22 kwenye spika ya wati 100 ni kama mtoto anayesukuma lori: karatasi ya spika haifiki mahali pa kuchoka. Celestion Greenback ya wati 25, kwa mfano, ikisukumwa karibu na mwisho wake, koili yake inapata joto, ukinzani wake unapanda, na karatasi yenyewe inakataa kufuata kila ncha ya noti. Ncha zinalainika hapo. Nimebadilisha spika za watu wengi kwenye mtaa huu, na karibu wote walifikiri nimegusa lampe.

#5 SoloWaKatuba

Asanteni sana. Fundi, lazima niseme ukweli. Kamalondo volyumu ilikuwa 6. Nyumbani niliiweka kwenye 3 kwa sababu ya majirani, na nilipoandika swali sikulitaja kwa kuwa niliona ni jambo dogo.

#6 FundiLampe

Hilo si dogo, mdogo wangu. Kutoka 3 hadi 6 ni safari ndefu kwenye ampli hiyo. Kwenye 3 lampe zako za nguvu zilikuwa zimelala, na kazi yote ya kukata ilifanywa na pedali peke yake, ndiyo maana ulisikia ukavu.

Niongeze jambo ambalo watu wengi hawalisemi. Ampli yako ina njia mbili. Kwenye njia ile yenye mwangwi kuna kapasita ndogo (kihifadhi cha chaji) ya 47 pF juu ya kitufe cha volyumu, na kazi yake ni kupitisha sauti kali za juu wakati kitufe kiko chini. Kadiri unavyopandisha volyumu, ndivyo nguvu ya ile kapasita inavyopungua, hadi karibu na mwisho haisikiki tena. Kwa hiyo kwenye 3 ulikosa mbano na pia ulipewa ukali wa ziada kwenye waya wa kwanza. Njia ya pili, ile ya kawaida, haina kapasita hiyo. Chomeka huko ujaribu, ingawa utakosa mwangwi.

#7 SoloGoma (Goma, Himbi)

Jambo ndugu zangu wa Katanga. Mimi nasimama upande tofauti. Kukata kilele kunaeleza mbano, sawa, lakini hakuelezi lile neno alilolitumia mwenye uzi: kuvimba. Noti inayovimba baada ya kupigwa ni dalili ya volti za ndani kushuka na kurudi. Unapopiga kwa nguvu, lampe za nguvu zinadai mkondo mwingi kwa ghafla. Lampe inayonyoosha umeme, ile GZ34, ina ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo volti zinashuka, na kwa sehemu ndogo ya sekunde ampli inakuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Kisha kapasita zinajaa tena, volti zinapanda wakati noti bado inalia, na sikio linasikia noti ikiinuka. Ukiweka dayodi badala ya lampe hiyo, kuvimba kunapotea.

#8 FundiLampe

Ndugu wa Goma, maelezo yako ya namna volti zinavyoshuka ni sahihi, lakini umeichagua lampe isiyohusika sana. GZ34 ni mojawapo ya lampe ngumu kabisa katika kazi hiyo: kwenye mkondo wa miliampea 225 inapoteza volti 17 hivi tu. Ile 5U4GB kwenye mkondo huo huo inapoteza takriban 44, na 5Y3 inapoteza karibu 60 kwenye miliampea 125. Katika ampli ya mwenzetu, sehemu kubwa ya kushuka inatokana na nyaya za transfoma na ukubwa wa kapasita, si ile lampe.

Na tafadhali, mtu asikimbie kuchomeka 5U4 mahali pa GZ34 kwa kuwa miguu inaingia. Filamenti (waya wa ndani unaopasha lampe joto) ya GZ34 inakula ampea 1.9, ya 5U4 inakula 3, na transfoma ambayo haikuandaliwa kwa mzigo huo itapata joto hadi iungue. Nimepokea transfoma ya namna hiyo hapa Likasi ikiwa imeungua, na mwenyewe alilipa zaidi ya bei aliyonunulia ampli.

#9 SoloGoma

Nakubali kuhusu GZ34, nilikuwa na hesabu za 5Y3 kichwani kwa sababu ampli yangu ndogo inayo. Hata hivyo sijaacha hoja ya kuvimba.

#10 MpigaWaKwaya (Lubumbashi, Ruashi)

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mama, napiga solo kwenye kwaya kwa miaka kumi na mmoja sasa, na ampli zangu zote zimekuwa za kuazima, kwa hiyo nimejifunza kutotegemea ampli. Ninachotaka kusema ni kwamba nusu ya mbano inatengenezwa kabla umeme haujafika popote.

Tumia mikro ya shingo, si ile ya karibu na daraja. Punguza kitufe cha toni cha gitaa hadi 3 au 4. Plektra iwe nene, na upige kwa bega lake la mviringo badala ya ncha, ukiiinamisha kidogo ili iteleze kwenye waya. Piga juu ya mwisho wa shingo, si karibu na daraja. Nyuzi ziwe zimezoea mkono kwa wiki kadhaa. Kila moja ya hatua hizi inaondoa ncha mwanzoni mwa noti, na ampli ikipokea noti isiyo na ncha, kazi ya kubana inabaki ndogo. Mpiga gitaa Eric Clapton wa siku za bendi ya Cream alijulikana kwa sauti ya namna hii: toni imefungwa, volyumu ya ampli iko juu.

Halafu kuna waya wenyewe wa kuchomekea. Waya wa mita 6 una takriban 600 pF, na hizo zikikutana na koili za mikro zinashusha ule mlima wa sauti za juu. Kaka, waya uliotumia kwenye arusi ndio ule uliotumia nyumbani?

#11 SoloWaKatuba

Mama, hapana. Kamalondo nilitumia waya mrefu wa mwenzangu, mita 9 au 10 hivi, kwa sababu jukwaa lilikuwa pana. Nyumbani natumia wa mita 3. Sikuwaza kabisa kwamba waya una sauti.

#12 MzeeWaBafle

Mama wa Ruashi amesema vema kuhusu mkono, na sisi watu wa Katanga tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wetu wa zamani, hakuwa na ampli wala pedali. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na noti zake zilikuwa laini na zimelingana kwa sababu nyama ya kidole haina ncha kama ya plastiki. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1952, na dunia nzima ikasikia.

#13 NyuziSita

Mzee wangu, naomba kurekebisha kidogo. Mwaka 1952 ni sahihi, lakini Tracey alimkuta na kumrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo. Fundi wetu asingenisamehe kama ningenyamaza.

#14 FundiLampe

Asante, NyuziSita. Likasi inapokea heshima yake.

Na hoja ya Mzee inatufaa hapa, kwa sababu nyama ya kidole hata kwenye ampli hii inabadilisha mengi. Nilipima siku moja kwenye oskiloskopu: plektra nyembamba iliyopigwa kwa ncha inatoa mruko mwanzoni ulio mara mbili au zaidi ya mwili wa noti, na mruko huo unaisha upesi sana. Kwa kidole gumba mruko karibu haupo. Ampli inayokatwa na mruko mfupi inasikika kama inatema. Inayokatwa na mwili wa noti inasikika kama inaimba.

#15 SoloWaKatuba

Nimerudi na matokeo. Nimeomba ruhusa kwa majirani, nikaweka volyumu kwenye 6, waya mrefu niliouazima tena, pedali kama NyuziSita alivyosema, mikro ya shingo kama mama alivyosema. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sauti imekaribia sana, nawashukuru nyote. Solo inabanwa, waya wa kwanza hauchomi tena. Lakini ile kuvimba haikuja. Ampli ilikuwa imara mno, kama mtu aliyekaza misuli. Ya Kamalondo ilikuwa imelegea kidogo, na kulegea huko ndiko kulikokuwa kutamu.

#16 SoloGoma

Kuvimba, ndugu zangu! Sikuacha hoja bure.

Sasa nauliza: arusi ilikuwa jioni, na jaribio lilikuwa asubuhi. Umeme wa jioni, wakati kila nyumba inapika na kila baa imewasha friji na muziki, si umeme wa saa nne asubuhi. Hapa Goma naona taa zinavyofifia, na ampli yangu inalainika siku hizo hizo. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alifanya jambo hili kwa makusudi: aliichomeka ampli yake ya Marshall kwenye Variac, transfoma ya kuzungusha, akateremsha umeme wa Marekani wa volti 120 hadi karibu 90. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba aliupandisha, lakini ukweli ni kwamba aliushusha. Mwenye uzi, je, ulitumia kidhibiti cha umeme Kamalondo?

#17 SoloWaKatuba

Hapana. Nyumbani ampli iko kwenye kidhibiti kinachosawazisha umeme. Kwenye arusi tulichomeka sote kwenye waya mmoja uliotoka ndani ya nyumba: ampli yangu, ya besi, kinanda na taa za jukwaa.

#18 FundiLampe

Hili sasa linaniingia akilini, na nitalieleza kwa hesabu ili tusibaki kwenye hisia.

Tuchukue ampli iliyofungwa kwa volti 230, na volti za ndani za karibu 415. Umeme ukishuka hadi 196, volti za ndani zinashuka kwa kiwango kile kile, yaani hadi takriban 354. Uwezo wa wati unafuata mraba wa volti, kwa hiyo wati 22 zinakuwa kama 16. Kwa sikio, kupoteza huko ni karibu desibeli 1.4 tu, jambo ambalo hakuna mgeni wa arusi atakayelitambua. Lakini mpaka wa kukata umesogea chini, kila noti inaufikia mapema zaidi, na kama wenzake wa besi na kinanda wanavuta umeme kwenye waya ule ule, kila pigo la besi linaivuta ampli ya gitaa chini kidogo na kuiachia. Siwezi kusema kwamba ndilo jibu, ila siwezi kulikataa.

Lakini nina onyo, na nalisema kwa uzito. Filamenti za lampe zinataka volti 6.3, na watengenezaji wanaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 10. Kwenye 196 filamenti zinapata kama 5.4, yaani tayari ziko chini ya mpaka. Jioni moja haitaua lampe, lakini kuishi hivyo mwezi baada ya mwezi si kuzitunza. Atakayejenga Variac yake lazima ajue hilo. Na yeyote asiye fundi asifungue ampli kutafuta mahali pa kupunguza volti, kwa sababu kapasita zinashika zaidi ya volti 400 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

#19 BesiYaKadutu (Bukavu)

Salamu kutoka Bukavu. Nimesoma uzi wote, na naona mmeipima ampli bila kulipima sikio. Kwenye arusi ulisimama mbali kiasi gani na spika? Nyumbani, nadhani, ulikaa mbele yake kwenye chumba chenye kuta tupu. Spika ya inchi 12 inarusha sauti kali za juu kama tochi, moja kwa moja mbele, na mtu anayesimama pembeni au aliye na spika kwenye magoti hazisikii. Ua uliojaa watu waliovaa mavazi ya sherehe unameza sauti za juu. Tena watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikipanda, besi inajaa zaidi. Mwisho, kwenye volyumu ya jukwaani sauti ya spika inalitikisa gitaa lenyewe na waya unaendelea kulia, kwa hiyo noti inarudishiwa nguvu. Hiyo nayo inaweza kusikika kama kuvimba, hata umeme ukiwa imara.

#20 SoloGoma

Hoja ya gitaa kutikiswa na spika naikubali, lakini kwa kawaida inavutia upande wa noti moja au mbili zinazopatana na mwili wa gitaa. Yeye alisema kila noti.

#21 BesiYaKadutu

Ndiyo, alisema kila noti, ila alikuwa na furaha.

#22 ArusiNaSebene (Lubumbashi, Kamalondo)

Niruhusuni niseme jambo ambalo huenda halitapendwa. Mimi ni mpiga solo wa sebene (sehemu ya kasi ya kuchezea), na ninaogopa huu mbano mnaousifu. Sebene inaishi kwenye ncha ya noti. Mi-solo (gitaa la kati) na solo zinapishana kwa kasi, na mchezaji anakanyaga pale ambapo plektra inagonga waya. Ukilainisha kila ncha, gitaa mbili zinakuwa uji mmoja. Docteur Nico, mpiga solo wa rumba ya Kongo, alipendwa kwa sauti iliyo wazi, ambayo kila noti unaweza kuihesabu, na hakuna aliyemwambia kwamba noti zake zinahitaji kubanwa. Ulaini ni mzuri kwa rumba ya polepole na nyimbo za ibada, lakini mwenzetu ajiulize kwanza anapiga nini.

#23 MpigaWaKwaya

Kaka wa Kamalondo, hilo ni la kweli na halitupingi. Ibadani naanza na sauti wazi, na ninapofika kwenye solo ndipo ninapobadilisha. Sibadilishi pedali, nabadilisha kitufe cha volyumu kwenye gitaa. Ampli ikiwa tayari imefika mpakani mwake, volyumu ya gitaa kwenye 6 inatoa ncha zote za sebene, na kwenye 10 inabanwa na kuimba. Ndio uzuri wa lampe ambao ampli nyingine nilizoazima hazikunipa: mpaka wake si ukuta, ni mteremko.

#24 NyuziSita

Kwa wale wanaopiga kwa sauti ndogo nyumbani na hawawezi kufika kwenye 6, ipo njia ya kompresa. Dyna Comp ya MXR ni ya tangu miaka ya 1970 na vitufe vyake ni viwili tu. Iweke kabla ya ovadraivu, siyo baada yake. Ikiwekwa kabla, ovadraivu inapokea noti zilizolingana na inakata zote kwa kiasi kile kile. Ikiwekwa baada, inainua mvumo na makelele yote yaliyotengenezwa na ovadraivu. Na kuna shule nyingine kabisa, ile ya Randall Smith wa kampuni ya ampli ya Mesa/Boogie, aliyeanza kwa kubadilisha ampli ndogo za Fender Princeton: alipanga hatua za geini (za kukuza sauti) moja baada ya nyingine, kila moja ikikata kidogo, halafu kitufe cha masta kikaamua ukubwa wa sauti. Mpiga gitaa Carlos Santana alizichukua ampli hizo na sauti yake ya noti ndefu mnaijua. Hapo lampe za mwanzo ndizo zinazobana, si za nguvu. Kwa hiyo kusema kwamba mbano ni wa lampe za nguvu peke yake ni kukata habari nusu.

#25 FundiLampe

Nakubali, na nilikuwa nikizungumzia ampli yake, si ampli zote. Ziko pia zile zisizorudisha sauti kutoka kwenye spika kuingia nyuma kwenye hatua ya nguvu, kama Vox AC30 na lampe zake nne za EL84. Ampli ya mwenzetu inarudisha, na marudisho hayo yanaifanya iwe safi hadi mpakani kisha ikate kwa ghafla. AC30 inaanza kulainika mapema na polepole. Kwa hiyo hata kwa umeme ule ule na mkono ule ule, mteremko aliousema mama wa Ruashi si mmoja kwa ampli zote.

#26 MzeeWaBafle

Na spika bado hamjaigusa. Nitaleta Greenback yangu tuipime kwa masikio, lakini volyumu isipite 5, kwa sababu ampli ya wati 22 inayokatwa sana hutoa zaidi ya wati zilizoandikwa, na spika ya wati 25 haina nafasi ya kutosha.

#27 SoloWaKatuba

Nimepima kwa mita ya fundi wa mtaani kwetu, kwenye tundu la ukutani, bila kidhibiti. Saa nne asubuhi volti 228. Saa moja na nusu jioni volti 201, na ilipofika saa mbili ikawa 197. Nikachomeka ampli moja kwa moja ukutani saa mbili hiyo, volyumu 6, waya mrefu, mikro ya shingo. Mwanangu alikuwa mlangoni, na kabla sijasema neno aliniuliza kwa nini gitaa leo linapumua. Kuvimba kulikuwepo, kidogo kuliko Kamalondo, lakini kulikuwepo.

Kisha nikabadilisha jambo moja tu: nikasogea kutoka mbele ya spika hadi pembeni, hatua nne. Kuvimba kukaongezeka. Kwa hiyo SoloGoma ana haki, na BesiYaKadutu ana haki, na sijui nani ana haki zaidi.

#28 SoloGoma

Asante kwa kupima, kaka. Sasa uirudishe ampli kwenye kidhibiti saa mbili usiku huo huo, usimame pale pale pembeni, usiguse kitufe. Hapo ndipo tutaweza kutenganisha umeme na mahali.

#29 FundiLampe

Na ukimaliza, irudishe kwenye kidhibiti kwa siku zote nyingine. Ukihitaji kulegea huko kwa ajili ya arusi, niletee tutafute njia inayoziacha filamenti kwenye 6.3.

#30 MzeeWaBafle

Nakuja Katuba Jumamosi jioni na Greenback na ufunguo wa skrubu. Mwambie mwanao akae mlangoni tena, ila usimwambie ni spika ipi inayolia.